Gari la waya si takataka

Leo nitawaudhi watu, na wengine wao ni marafiki zangu. Sawa tu. Nimenyamaza vya kutosha.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiye na muda aende zake. Mtoto anayetengeneza gari la waya kule Ndhiwa au Awendo anafanya uhandisi. Mtu mzima anayeunga gari dogo la plastiki mezani kwake usiku anafanya uhandisi huo huo, tofauti ni malighafi tu. Na sisi tuliosoma, hasa sisi watu wa kompyuta, ndio tunaoua kazi hiyo kwa dharau. Tukishaiua tunapita mlango wa nyuma kwenda kununua "vifaa vya ubunifu" kutoka ng'ambo kwa bei ya ng'ombe.

Mimi naandika programu za kompyuta. Kazi yangu inanizungusha kati ya Homa Bay na Migori, kwa hiyo barabara ya kupitia Rongo naijua kona kwa kona. Mchana naandika programu. Usiku, umeme ukiwepo, naunga magari ya plastiki. Nimeambiwa mengi kwa sababu ya hayo magari, na karibu yote nitayajibu hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Waingereza wanaita "kit". Nikisema kiti mtaniletea cha kukalia, basi mimi nasema seti. Seti ya modeli ni sanduku lenye vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu nyembamba, kama ndizi kwenye mkungu. Vipande mia hivi, mara nyingine vinapita mia mbili. Kuna matairi ya mpira, kuna vioo vyeupe, kuna karatasi ya stika zinazolowekwa majini kabla ya kubandikwa, na kuna karatasi ya maelekezo. Gari lenyewe halimo. Gari utalitengeneza wewe. Unakata kila kipande, unakisugua kwa msasa, unakijaribu kama kinaingia, unakipaka rangi, unakiunga kwa gundi. Hiyo gundi si ya kunatisha karatasi. Inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili kisha inazifanya kitu kimoja, kama fundi wa kuchomelea chuma.

Kipimo kinachopendwa sana ni 1:24. Maana yake kila kitu kwenye gari halisi kimegawanywa kwa 24. Chukua Probox, maana hapa kwetu mtu asiyeijua Probox labda alifika jana usiku. Urefu wake ni mita 4.2 hivi. Gawanya kwa 24, unapata sentimita 17.5. Upana wa mita 1.69 unakuwa sentimita 7. Kimo cha mita 1.5 kinakuwa sentimita 6 na kidogo. Mtu wa sentimita 170 anageuka kidole cha sentimita 7. Hilo ni somo la uwiano ambalo watoto wetu wanalikariri darasani wakilia, na hapa linakaa kwenye kiganja.

Sasa njoo tuangalie gari la waya.

Anayedhani ni waya uliokunjwakunjwa tu hajawahi kuinama akaangalia. Fremu ni waya mnene. Mahali pa kuungia pamefungwa kwa waya mwembamba, ule wa kufungia nondo, au kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Magurudumu yanakatwa kwenye patipati kuukuu, au ni vizibo, au ni vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu. Halafu kuna usukani, na hapo ndipo mimi huvua kofia. Fimbo ndefu ya waya inatoka kwenye ekseli ya mbele, inapita juu ya paa, inapanda hadi usawa wa kifua cha mtoto, inaishia na duara. Mtoto anakimbia nyuma ya gari lake akizungusha lile duara, fimbo inajizungusha, ekseli inageuka, gari linakata kona. Fikiri kidogo. Ekseli lazima igeuke bila kuchomoka. Fimbo lazima iwe huru kuzunguka lakini isiyumbe. Uzito lazima ukae chini, la sivyo gari litalala kwenye kona ya kwanza. Nani alimfundisha hayo? Hakuna karatasi ya maelekezo. Alitazama la mwenzake, akajaribu, likaanguka, akakunjua, akakunja upya.

Sisi watu wa programu tuna jina la kujivunia la kazi ya namna hiyo: kusaka hitilafu. Tunalipwa kwa hiyo kazi. Mtoto anaifanya bure, na shukrani anayopata ni kuambiwa aache uchafu na aende kusoma.

Uwiano nao anautoa wapi? Hana rula. Amesimama kando ya barabara ya Migori kwenda Isebania akatazama malori yanayovuka mpaka, akayabeba kwa macho hadi nyumbani. Ukiliona lori lake unajua ni lori. Ukiiona basi yake unajua ni basi, na mara nyingi unajua hata ni basi ya aina gani. Jicho hilo huwezi kulipakua kutoka mtandao wowote.

Basi, tuje kwa wapinzani wangu.

Wa kwanza ni wale wanaosema huo ni utoto. "Omera, mzee mzima unachezea vigari?" Nimeulizwa hivyo na mtu anayetazama mpira wa Uingereza saa 10 kila wiki, na sikumuuliza yeye alifunga mabao mangapi. Lakini nina jibu zito kuliko hilo.

Kenya, ndugu zangu, ni nchi ya kuunga seti. Kiwanda cha AVA pale Mombasa, kiwanda cha KVM pale Thika, na kiwanda cha Nairobi kilichoitwa General Motors hadi 2017 kilipogeuka Isuzu East Africa, vyote hivyo vimejengwa juu ya kazi moja: kupokea gari lililofunguliwa vipande vipande kutoka ng'ambo, na kuliunga hapa. Kuna sanduku, kuna vipande vyenye namba, kuna maelekezo, kuna mpangilio wa nini kitangulie nini. Hiyo ni modeli ya kipimo cha 1:1. Na yale mabasi na matatu yanayopita Rongo yamevalishwa bodi na mafundi wa humu nchini juu ya chasisi iliyokuja uchi. Mwanasiasa akienda kukata utepe kwenye kiwanda kama hicho tunapiga makofi tunasema viwanda vimekuja. Mtu akifanya kazi ile ile kwa 1:24 tunasema ana akili za mtoto. Kati ya hivyo viwili utoto ni upi?

Tena mnakumbuka Nyayo Pioneer? Mwaka 1986 Rais Moi alitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 yakaonyeshwa magari ya majaribio, matano. Hayakuingia sokoni. Watu hulicheka gari lile hadi leo, na mimi nakataa kucheka. Matano yaliundwa, na kuunda gari tano si mchezo. Ninacholalamikia ni kwamba tulitaka gari kubwa la taifa bila kujali maelfu ya magari madogo yaliyokuwa yakitengenezwa kila jioni nyuma ya majiko. Mafundi wa kesho walikuwa pale pale, wamepiga magoti vumbini, na sisi macho yetu yalikuwa jukwaani.

Wapinzani wa pili wanasema huo ni uzungu. Kwamba kuunga na kukusanya modeli ni starehe ya watu wenye nyumba zenye vyumba vya ziada. Hapa nakubali nusu. Seti nzuri inapita shilingi 3,000 kabla hujalipa usafiri na ushuru, na huku Migori hutaikuta dukani. Hilo ni kweli na linauma.

Lakini nusu ya pili ni uongo, na historia inakataa. Mwaka 1945 Japani ilikuwa imeteketea. Katika mji wa Otsu mtu aitwaye Matsuzo Kosuge alichukua mikebe ya bati iliyotupwa, akaikata, akaikunja, akatengeneza kijeep kama vile vya askari wa Marekani waliokuwa wakipita barabarani. Vikauzwa Kyoto kwa yen 10 na watu wakavigombea. Mkebe uliotupwa, gari lililoonekana barabarani, mikono. Niambie tofauti yake na mtoto wa Oyugis mwenye mkebe wa Kimbo.

Tofauti ni moja tu. Kule mtu mzima alisema: hii ni kazi. Tamiya, ambalo leo ni jina kubwa kuliko yote kwenye modeli, ilianza 1946 mjini Shizuoka ikiwa biashara ya mbao. Ikaingia kwenye modeli za mbao. Modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari ya Yamato, ilitoka 1960. Leo mkoa huo wa Shizuoka ndio makao ya Tamiya, Hasegawa, Fujimi na Aoshima, yaani majina manne ambayo kila muungaji modeli duniani anayajua. Mkoa mmoja! Hawakuanza na utajiri. Walianza na mbao.

Uingereza nako, seti za Airfix zina asili ya trekta. Mwaka 1949 kampuni ya Ferguson ilitaka vitrekta vidogo vya wauzaji wake kuonyesha wateja. Airfix ikavitengeneza, kisha ikaona ni nafuu zaidi kuviuza vikiwa vipande, mnunuzi aunge mwenyewe. Trekta ya shambani ndiyo iliyofungua mlango. Basi nani kasema hii ni starehe ya kifalme?

Na nikupe jambo la kukukosesha usingizi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z. Matope yale ni yetu. Wazee wetu walisimama kando ya barabara wakapiga mbinja. Leo Hasegawa wana sanduku la gari hilo, 1:24, na stika zake zote, na mnunuzi wa Osaka analiunga akijua ni Safari ya 1971. Aoshima nao wametoa Probox, toleo la 2014, katika 1:24. Ile ile Probox inayobeba watu na kuku na magunia kati ya Homa Bay na Rongo, dereva akiwa amegawana kiti chake na abiria. Mjapani ameiona inafaa kuwekwa kwenye sanduku, na kwake Probox ni gari la ofisi la kupelekea mizigo. Sisi ambao tumeifanya hekaya hatujaitengenezea hata ya karatasi.

Wapinzani wa tatu ndio wenzangu wa kazi, na hawa sitawaonea huruma. Wanasema: mikono imepitwa na wakati, dunia ni programu, mfundishe mtoto kuandika programu basi. Mimi naandika programu, tena kwa miaka mingi, na nasema hiyo ni porojo.

Programu hufundishwa kwa mtu ambaye tayari ana picha kichwani kwamba kitu kikubwa kimeundwa na vitu vidogo vinavyoshikana kwa utaratibu. Modeli inakupa picha hiyo bila umeme. Ukifunga paa kabla ya kupaka rangi viti vya ndani, umekwisha. Ukiunga ekseli kabla ya kupima kama magurudumu yote manne yanagusa meza, gari litasimama na miguu mitatu maisha yake yote. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Ndiyo maana nikikaa na kijana aliyemaliza kozi ya programu, swali langu la kwanza siku hizi ni kama aliwahi kufungua kitu akakirudisha. Redio, baiskeli, taa, chochote. Anayejibu ndiyo hanisumbui sana baadaye.

Tazama pia tulivyotumia fedha. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa kompyuta. Kuanzia 2016 vishikwambi vikagawiwa, zaidi ya milioni 1 nchi nzima. Sipingi vishikwambi. Lakini kishikwambi ni sanduku lililofungwa. Mtoto haruhusiwi kukifungua, na akikifungua ataadhibiwa. Tumempa mashine ya kutazama tukaita elimu ya kidijitali, na gari lake la waya, ambalo kila kiungo chake anakijua kwa sababu alikifunga mwenyewe, tumeliacha nje ya lango. Sisi tunaopigia debe programu huria tungekuwa wa kwanza kuliona hilo. Tunadai tuonyeshwe programu ilivyoandikwa ndani, tuibadilishe, tuigawe. Gari la waya liko wazi kuliko programu yoyote niliyowahi kuitumia. Unaliona lote kutoka nje.

Hapo ndipo naingia kwenye jambo linalonichoma. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa 2019, umeandika mambo mazuri. Mtoto atengeneze vitu kwa malighafi ya mazingira yake. Safi kabisa! Na nini kimetokea? Wazazi wanakwenda sokoni kumlipa mtu atengeneze. Ndiyo, mnajijua. Mtoto anaambiwa alete modeli ya gari, mzazi anatoa hela, fundi anaunda, mtoto anabeba, mwalimu anaweka alama. Aliyefanya mtihani ni fundi.

Katika shule moja iliyo kati ya Rongo na Homa Bay, jina lake naliacha, nilioneshwa meza ya kazi za wanafunzi. Gari lililopata sifa lilikuwa la mbao, lina rangi nyekundu inayong'aa, limekatwa kwa mashine. Mtoto wa darasa la nne hawezi kukata vile, na kila mtu mzima mle ndani alijua. Chini ya meza kulikuwa na lori la waya. Lina usukani unaofanya kazi. Lina tela linalochomoka na kurudi. Nikauliza mbona liko chini. Nikajibiwa kwamba si nadhifu. Aliyelitengeneza alikuwa amesimama mlangoni, anatazama miguu yake.

Huyo mtoto amefundishwa somo siku hiyo, na litamkaa kuliko hesabu. Amefundishwa kwamba kununua kunashinda kutengeneza. Baada ya miaka kumi tutamwita kwenye semina tumwambie awe mbunifu, ajiajiri, asingoje ofisi. Atatuangalia tu.

Wapinzani wa nne nawaheshimu zaidi. Wanasema: wewe unapamba umaskini. Mtoto anatengeneza gari la waya kwa sababu hana la kununua. Ukimpa la dukani atalitupa la waya.

Nimelifikiria hili sana. Ni kweli umaskini umo, na sitaki mtu yeyote aseme watoto wabaki bila kitu ili wawe wabunifu. Huo ni ukatili. Lakini angalia inavyokuwa anapoletewa lile la dukani. Anacheza nalo siku mbili, siku ya tatu amelifungua kuona ndani mna nini, siku ya nne magurudumu yake yako kwenye gari la waya. Hakukosa gari peke yake. Alikosa vifaa. Angepewa koleo ndogo, waya safi na mahali pa kufanyia kazi, asingekuwa anakata ua wa jirani na kuchapwa. Maana hilo nalo tuliseme: wengi wa hawa watoto wamechapwa kwa sababu ya waya. Roli moja ya waya wa kufungia, ambayo mjenzi yeyote mjini Migori anayo stoo, ingemaliza kesi zote hizo.

Hebu niseme na habari ya kukusanya, maana hobi hii ina miguu miwili, kuunga na kuhifadhi. Mkusanyaji wa Ulaya ana kabati lenye vioo. Ameandika kila gari ni la mwaka gani, kipimo gani, nani alilitoa. Magari ya waya ya watoto wa Afrika yamo hata kwenye makumbusho za Ulaya, yamewekewa lebo na taa. Huku kwetu yanaishia kwenye shimo la taka au yanakunjuliwa kuwa kamba ya kuanikia nguo. Mtoto aliyeunda gari zuri kuliko yote pale Mbita mwaka 2005 sasa ni mtu mzima, na hakuna hata picha ya gari lake.

Halafu tunasema hatuna historia ya ufundi. Kwenye kaunti hiyo hiyo ya Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa karne nyingi zilizopita, nyingine zinapita mita 4, bila tone la saruji wala udongo wa kushikiza. Jiwe limekaa juu ya jiwe kwa kuchaguliwa na kupimwa kwa jicho. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2018. Waungaji modeli wana seti ghali zinazosifiwa kwa sababu vipande vinakamatana bila gundi. Wazee wa hapa walifanya hivyo kwa mawe, na wanyama wa porini wakabaki nje. Jicho lile la kuchagua jiwe na jicho la mtoto wa waya ni ndugu.

Sasa, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mnaijua tabia ya watu wa programu: ukileta tatizo, leta na pendekezo.

La kwanza ni la wenzangu. Seti ya plastiki inahitaji ukungu wa chuma, na ukungu huo ni ghali mno. Hesabu yake inafanana na ya programu: nakala ya kwanza inakula fedha zote, nakala ya laki moja haina gharama ya maana. Hatuna fedha za ukungu. Lakini karatasi tunayo. Blender ni programu huria. Inkscape ni programu huria. Chora Probox yenye umbo sahihi, ikunjue iwe bapa, ipange kwenye karatasi za A4. Kwa kipimo cha 1:24 ubavu wake ni sentimita 17.5 na karatasi ina 29.7 kwa urefu, kwa hiyo inatosha na nafasi ya masikio ya kubandikia inabaki. Gari zima litaingia kwenye karatasi mbili au tatu. Faili moja ya PDF, igawiwe bure, mtoto aichapishe saiba yoyote ya Oyugis au Awendo kwenye karatasi ngumu, aikate, aiunge, aipake rangi za Probox anayoijua. Tukimaliza Probox tufanye basi. Tukimaliza basi tufanye mashua ya wavuvi wa Homa Bay na maandishi yake ubavuni. Vijana wa mjini tayari wanatengeneza matatu za kadibodi, kila mmoja kivyake. Kinachokosekana ni michoro ya kugawana. Kazi ya mwandishi mmoja wa programu kwa wikendi chache, na mimi nimeshaanza na milango.

La pili ni la walimu. Alama za kazi ya mikono zitolewe kwa kazi iliyofanyika darasani, mwalimu akiona. Gari lipinde kona mbele yako. Lisipopinda, muulize mtoto kwa nini, na jibu lake ndilo uliwekee alama. Kwa utaratibu huo fundi wa sokoni hana pa kuingilia.

La tatu ni la wazazi. Ukiliona gari la waya uani kwako, usilitupe. Lipige picha. Andika jina la aliyelitengeneza na tarehe. Likiwa zuri sana, lihifadhi juu ya kabati pale unapoweka vyeti, kwa sababu ni cheti. Na kama una shilingi 200 za ziada mwisho wa mwezi, usinunue kigari cha plastiki cha kuvunjika kesho. Tafuta koleo.

La nne ni la watu wazima wenye hobi hii wanaojificha. Najua mpo. Nimeona gundi ile kwenye vidole vya mtu mmoja pale Homa Bay na akaficha mkono mfukoni. Acheni aibu. Wekeni magari yenu sebuleni. Mtoto akija akauliza, usimwambie asiguse. Mpe kipande na msasa, mwambie asugue hadi kiingie.

Nawasilisha.